Tuziite Sauti kwa Majina Yake

Ukimwuliza mtu sauti ya fulani ikoje, mara nyingi atakujibu kwa neno moja: nzuri, au mbaya. Jibu hilo halitoshi, maana Kiswahili kina maneno mengi ya kupambanua sauti, na kila neno lina mahali pake.

Kwanza ni unene na wembamba. Kooni mna nyuzi mbili za sauti ambazo hutetemeka pumzi ipitapo. Za mwanamume mzima ni ndefu na nene; azungumzapo hutetemeka kama mara 120 kwa sekunde. Za mwanamke ni fupi, hutetemeka kama mara 200. Basi ile twaiita sauti nene au nzito, na hii sauti nyembamba. Mvulana anapobalehe nyuzi zake hurefuka upesi, ndiyo maana sauti yake huwa mara nene, mara nyembamba, katika sentensi moja.

Pili ni namna sauti inavyosikika. Wakati wa likizo, nikiwa nyumbani Temeke, nilizisikiliza sauti za watu. Asubuhi mpiga debe wa kituo cha Tandika ana sauti kali, inayopenya hata kelele za magari. Jioni sauti imekauka, na wazee husema amepwelewa na sauti. Mzee muuza kahawa ana sauti ya kukwaruza. Mama abembelezaye mtoto ana sauti nyororo.

Tatu, tusichanganye sauti na usemaji. Kigugumizi ni kukwama kwa maneno; kitembe ni kasoro ya ulimi katika kutamka; king'ong'o ni kusemea puani. Mtu aweza kuwa na kigugumizi, na sauti yake ikawa nyororo kabisa.

Faida ya kujua haya si ndogo. Katika midahalo yetu wako wenye hoja nzuri ambao hawasimami tena, kwa kuwa walichekwa na kuambiwa wana sauti mbaya. Lakini neno "mbaya" halituonyeshi la kufanya. Tukisema anabalehe, twajua kuwa yatapita. Tukisema ana kigugumizi, twajua kumngojea amalize. Tukisema sauti imekauka, twajua apumzike; na ikizidi wiki tatu, aende kwa daktari.

Basi, wenzangu, mdahalo ujao mtu akisimama, tumsikilize kwanza.