Nilienda Ng'ambo, Nikaishi Ng'ambo

Maze, keti nikupe stori. Mi ni odijo. Odijo wa Kiswahili, mtoi wa Umoja, mwaka wa tatu wa ualimu, na TP yangu, yale mazoezi ya kufunza, sikuifanyia Kitengela kama wasee wengine wa klasi yetu. Nilienda Unguja. Term nzima. Mbogi yangu ikacheka hadi ikakohoa. "Msee wa Sheng akafunze Kiswahili Zanzibar? Si hiyo ni kupeleka nyama Kiamaiko?"

Na hao walikuwa wasee wa rika. Sasa sikia wazee. Anko wangu, yule huvaa suti hata akienda kununua maziwa, alinitumia voice note ya dakika nne. Dakika tatu zilikuwa za majini. Iliyobaki ilikuwa ya Sheng: ati nikifungua mdomo tu pale bandarini nitarudishwa nyumbani. Anko hajawahi kuvuka Namanga. Anko akifika Kajiado anapiga simu kusema amefika salama. Anko, tulia.

Tulitumwa wawili, mimi na roomie wangu, msee wa Githurai. Basi ya Dar unaidandia tao, unapita Namanga, Arusha, Moshi, halafu barabara inakataa kuisha. Hapo Namanga ndio kuna mtihani wa kwanza. Jamaa mmoja wa siti ya nyuma, luku kali, saa ya kung'aa, alikuwa ameongea tangu Athi River venye amezunguka dunia. Akaulizwa kadi ya homa ya manjano. Hana. Akatolewa kwa laini mbele ya basi nzima, na miwani yake ya jua bado iko usoni. Kuchoma picha ni huko sasa. Ile kadi ya njano, buda, itafute mapema. Unadungwa mara moja na mambo yameisha.

Dar tulilala usiku mmoja kwa jamaa fulani poa sana. Asubuhi roomie akamshow, "Buda, luku yako ni moto!" Jamaa akachomoka mbio kucheki mita. Bongo, LUKU ni stima: Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Wanalipia kwanza ndio iwake. Huyo msee alidhani nyumba inaungua na token zake ziko ndani.

Kivuko kutoka Dar ni kama masaa mawili. Ukishuka Unguja wanacheki passport tena, hata kama umetoka Dar hapo tu, juu Zanzibar iko ndani ya Muungano lakini ina rais wake na Baraza lake la Wawakilishi. Usianze kuteta na ofisa. Sema shikamoo, pita.

Halafu doh. Bob moja ya Kenya ni kama ishirini zao. Fanya hesabu: ngiri hamsini yako ni milioni. Nilibadilisha ngiri tano, nikatoka na karibu laki moja, mfuko umefura kama wa MCA. Siku tatu nilitembea kifua mbele. Kisha nikazoea lugha ya noti: mia tano ni jero, elfu ni buku, na elfu kumi ni msimbazi, juu noti ni nyekundu na Simba, wale wekundu, makao yao ni mtaa wa Msimbazi huko Dar. Noti imebatizwa jina la timu ya boli! Niambie kama hiyo si Sheng. Iweke hapo kando, nitairudia.

Sasa keja. Kila mtu akisikia Zanzibar anaona Mji Mkongwe, ile milango ya kuchongwa na vichochoro, ule mji UNESCO iliuweka kwa urithi wa dunia mwaka wa 2000. Ni mzuri, siwezi dinda. Lakini hapo kila chumba cha pili kimegeuka hoteli na bei iko kwa dola. Sisi tulipata keja upande ule mwingine wa Darajani, karibu na majumba ya Michenzani, yale marefuuu yaliyojengwa baada ya mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Unajua huo upande unaitwaje? Ng'ambo. Jina lenyewe. Kitambo kulikuwa na mkono wa bahari hapo katikati na daraja juu yake, ndio maana kuna Darajani. Sultani na matajiri upande wa mawe. Wafanyakazi, wavuvi, watumwa walioachwa huru, ng'ambo ya maji.

Nikasimama hapo dirishani nikasema, aki hii ni Eastlando. Westi iko pale na milango yake ya misumari, sisi tuko huku na watoto wanacheza boli hadi giza linaingia. Nilikuwa nimeenda ng'ambo, nikajipata mtaani.

Tabia za mtaa, hata hivyo, ni tofauti. Nairobi unaingia kibandaski, unasema "nipe chapo mbili na madondo", na hakuna mtu analia. Unguja ukisema "nipe", mama wa duka anakuangalia ni kama umemtusi marehemu babu yake. Hapa ni "naomba". Naomba chai. Naomba boflo, yaani mkate. Roomie alikataa kusoma hiyo somo. "Kwani naomba na nalipa?" Wiki mbili aliuziwa boflo ya jana. Mimi nilipata ya moto, imefungwa kwa gazeti, na "karibu tena mwalimu" juu yake.

Huyo huyo roomie, siku moja bibi mwenye nyumba akamwambia, "Mwanangu, hebu niletee mbuzi hapo uani." Msee akatafuta mbuzi nusu saa. Alikuwa ashapiga hesabu ya mbavu, ashaniuliza kama kachumbari iko. Mbuzi ni kile kibao cha kukunia nazi, jo. Tulikula wali wa nazi na samaki, na ulikuwa mtamu mbaya, lakini uso wake bado nauona.

Kitu ya kudishi ni urojo. Wageni wanaita Zanzibar mix. Supu ya njano yenye ukakasi, ndani kuna bajia, kachori, viazi, mishkaki, vipande vya muhogo vya kukaangwa. Kwa mama wa mtaani ilikuwa buku mbili, umeshiba. Kunywa na juisi ya miwa iliyokamuliwa na tangawizi na ndimu. Jioni Forodhani, pale kando ya bahari, ni raha, ila hapo ulizia bei kabla ya kugusa mshkaki wowote. Kuna mafala walikula kwanza.

Na kuna papasi. Papasi ni yule mdudu wa kunyonya damu, na Unguja ndilo jina la wale vijana wanaomganda mtalii: tour, kofia, viungo, rafiki, rafiki. Mmoja alinifuata kutoka bandarini na bei ya kofia ya kushonwa kwa mkono. Buda, nimekulia Gikosh. Nimebargain na akina mathe wa mitumba saa kumi na moja asubuhi mvua ikinyesha. Nilitoka na kofia kwa nusu ya bei, na msee akaniambia, "Wewe si mtalii wewe." Nilivaa hiyo kofia kila Ijumaa, na skuli nzima ilikubali luku.

Nungwi tulienda wikendi moja, daladala namba 116, mwendo mrefu hadi ncha ya kaskazini. Maji yale ni ya rangi haijapewa jina. Soda kwa hoteli ya ufuoni ilikuwa bei ya urojo nne. Tukaikataa, tukakalia mchanga, juu mchanga ni free. Halafu kuna hawa watalii wanapita vijijini na chupi za kuogelea, mbele ya wazee wanatoka kuswali. Hiyo si ushamba tu, hiyo ni kudharau watu kwao. Jifunge kanga, jo. Inauzwa kila mahali.

Sasa klasi. Ndio kitu ilinipeleka.

Kidato cha pili, watoto wamejaa hadi mlangoni, kwa skuli yenye mikondo miwili, wengine asubuhi, wengine mchana. Somo ni ngeli. Nikaandika ubaoni, mwandiko safi: "Kamusi ya Kiswahili." Mkono ukapanda. Msichana wa dawati la mbele.

"Mwalimu, kamusi la."

Klasi ikanyamaza. Nikamwambia leta ushahidi. Akaenda, akarudi na kitabu: Kamusi la Kiswahili Fasaha, BAKIZA, 2010. La. Kwa jalada. Na ile ya TUKI ya 1981, ile tumesoma nayo sote, inaitwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Ya. Kwa jalada pia. Vitabu viwili vya mabosi wa lugha vinabishana kabla hujafungua ukurasa wa kwanza! Nikafuta mpango wangu wote wa somo. Tukabishana ya na la dakika arobaini, watoto wamesimama, na sijawahi kufunza kitu tamu kama hiyo. Kengele ikalia, hakuna aliyetoka. Wakataka Sheng. Wao wakanipa jero na msimbazi, mi nikawapa finje, soo na ngiri. Nikawaambia kwetu buku ni kitabu. Walianguka.

Mwalimu mmoja mzee alitusikia. Staffroom akanikalisha: nyinyi watu wa Nairobi mmekiua Kiswahili, mnachanganya Kizungu, hapa skuli tunataka lugha safi.

Skuli. Alisema skuli, na kifua mbele! Na huko ndiko wanaitumia hata kwa kibao cha getini. Neno la Kiingereza limevaa kanzu. Na ile "shule" yetu tunaringa nayo? Ya Mjerumani, Schule. Meza na bendera ni za Mreno. Gari na chapati zilivuka na Wahindi. Habari, kitabu, saa, za Mwarabu. Toa hizo zote, kisha uniambie utafunza nini Jumatatu. Sikumwambia hivyo, juu mathe alinilea. Nilisema shikamoo, nikaondoka. Lakini wewe nakwambia.

Na ngoja, kuna ingine. Hiki Kiunguja ndicho kilichaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kikao kilikaa Mombasa, 1928. Kenya, buda! Mwaka huo huo Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, alipanda meli hadi Bombay kurekodi santuri. Taarab ya kwa sultani iliimbwa Kiarabu. Siti akaiimba Kiswahili, kile cha watu, na watu wa Ng'ambo wakamfanya malkia. Wakubwa walimcheka asili yake na sura yake. Leo wanafunzi wanasoma maisha yake kwa kitabu cha Shaaban Robert. Walioketi Mombasa na kalamu, majina yao nani anayajua mtaani?

Kwa hivyo mtu akiniambia Sheng inaua Kiswahili, namuuliza alikiona wapi kikiwa bikira. Klasini nafunza sanifu, na nafunza kali, ngeli zote, bila mchezo, juu mtoi anahitaji hiyo kupita mtihani na kupata kazi. Nikitoka getini nabonga ya mtaa. Msee mwenye ndimi mbili ana nyumba mbili. Na wale watoto wa Unguja walilijua hilo kabla yangu.

Tuliporudi, Anko alikuwa sebuleni, suti tayari, anangoja kusikia majini. Nikamwambia nilikuwa Ng'ambo. Akauliza, "Ng'ambo gani? London?" Anko, tulia.

Na wewe, likizo ndefu inakuja, doh ya kuharibu weekend nne Westi inakufikisha huko. Passport, kadi ya njano, basi iko tao. Ukifika Michenzani kuna duka la boflo kwa kona, mama ana kanga ya kijani. Anza na "naomba". Mwambie umetumwa na mwalimu wa kofia.