Samaki mgeni atengwe siku 30 kabla ya kutiwa bwawani

MTU aliyechimba bwawa la samaki nyuma ya nyumba yake karibu na ufuo wa Kamere, kusini mwa Ziwa Naivasha, hukabiliwa na kishawishi kikubwa. Ziwa li karibu, tilapia wachanga wamo, na ndoo anayo. Kwa nini basi agharimike kununua vifaranga katika kituo cha Sagana, kule Kirinyaga, au kwa mzalishaji mwingine?

Mbali na kwamba sheria za uvuvi hazimruhusu mtu kujivulia samaki wachanga, lipo jibu jingine, nalo huonekana samaki anapopasuliwa. Tangu miaka ya 1970, watafiti wamekuwa wakikuta minyoo wachanga wa jamii ya Contracaecum katika uwazi unaouzunguka moyo wa tilapia wa ziwa hili. Minyoo waliokomaa huishi katika matumbo ya ndege walao samaki, kama vile mnandi na mwari. Mayai hutoka pamoja na kinyesi cha ndege na kuanguliwa majini, wadudu wadogo wa majini humeza minyoo hao, samaki huwala wadudu, kisha ndege humla samaki na mzunguko huanza upya.

Samaki wa namna hiyo huweza kuogelea na kula vizuri, asionyeshe dalili yoyote kwa nje. Kumtenga hakumponyi, wala chumvi haimfikii mnyoo aliye karibu na moyo. Faida ya kumtenga ni kwamba mfugaji hupata nafasi ya kuwapasua samaki wachache na kuwachunguza kabla ya kundi zima kuingia bwawani. Akikuta minyoo, kundi hilo lisiingie. Na bwawa lenyewe lifunikwe kwa wavu ili ndege wasitue.

Vimelea vya nje ndivyo ambavyo karantini huviweza hasa. Kuna kimelea cha madoa meupe, kiitwacho kitaalamu Ichthyophthirius, kuna minyoo midogo ya matamvua isiyoonekana kwa macho, kuna chawa wa samaki, na kuna mdudu aitwaye Lernaea, ambaye huzamisha kichwa katika nyama ya samaki na kuning’inia nje mfano wa uzi.

Kimelea cha madoa meupe kinastahili kuelezwa zaidi, kwa kuwa ndicho kinachowadanganya wengi. Doa linapotoweka, mfugaji hufurahi akidhani samaki amepona. La hasha. Kimelea kimeshiba, kimejidondosha chini ya tangi, na huko hujigawa kikatoa mamia ya vimelea vichanga vinavyomtafuta samaki mwingine. Dawa hukiua kinapokuwa huru majini. Kikiwa chini ya ngozi ya samaki, au ndani ya gamba lake kule chini, hakidhuriki. Katika maji ya nyuzi 25 mzunguko huu huchukua muda wa wiki moja hivi, lakini maji yakiwa baridi huweza kuchukua wiki kadhaa. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Ndiyo sababu siku saba hazitoshi, na 30 si nyingi.

Tangi la karantini si lazima liwe la fahari. Pipa kubwa la plastiki lililowekwa kivulini latosha, mradi maji yabadilishwe mara kwa mara na hewa ipatikane. Kwa kila lita 1,000 za maji, kilo tatu za chumvi ya kawaida huwapunguzia tilapia mzigo wa vimelea vingi vya ngozi na matamvua. Lernaea aliyekwisha kujichimbia hung’olewa kwa koleo ndogo, samaki mmoja mmoja. Dawa kali kama shaba na fomalini zisitumiwe kwa samaki wa kuliwa bila idhini ya afisa wa uvuvi.

Wanaofuga samaki wa mapambo wa baharini katika matangi ya vioo hufuata kanuni hiyo hiyo kwa njia tofauti. Vimelea vyao vimezoea chumvi, hivyo samaki huogeshwa kwa dakika chache katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Shaba nayo hutumiwa katika tangi la kando pekee, maana huwaua kamba na matumbawe.

Bwawa lililoharibika, tofauti na tangi, halioshwi kwa siku moja, na maji yake hutiririka hadi ziwani. Wakazi wa Kamere wanajua jinsi mgeni wa majini asivyorudi alikotoka: kamba wa Louisiana aliingizwa ziwani mwaka wa 1970, na karpu akaingia bila kukusudiwa, akianza kuonekana mapema katika miaka ya 2000. Wote wawili wangali humo.

Jambo la mwisho ni vyombo. Nyavu na ndoo za karantini zisitumiwe bwawani. Asiyeweza kununua za ziada azianike juani hadi zikauke kabisa, kwa kuwa vimelea hivi vya nje havistahimili ukavu.