Shimo la Choo na Kisima cha Jirani

Bwana Afya anapomwuliza mwenye shamba kwa nini amechimba choo hatua chache tu kutoka kisimani, jawabu humfikia kabla hajamaliza kuuliza: "Hapa ni kwangu." Ni jawabu la mtu anayejua thamani ya kuwa na pake. Katika visiwa hivi, ambako wengi wa wazee wetu walilima na kujenga kwa idhini ya mwenye shamba hadi yalipokuja Mapinduzi ya 1964, haifai kulidharau. Hata hivyo lina kasoro, nayo imo chini ya miguu ya mwenye kulisema.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1992 imeiweka ardhi ya Zanzibar kuwa ya umma, na raia hupewa haki ya kuitumia. Kwetu mkarafuu huweza kuwa wa huyu, na udongo uliouotesha ukawa wa yule. Ikiwa mti na udongo huwa na wenyewe mbalimbali, vipi maji yapitayo chini ya vyote viwili yawe ya mtu mmoja?

Unguja, hususan upande wa mashariki, imekaa juu ya jiwe la matumbawe. Jiwe hilo lina nyufa na mapango, na udongo uliolifunika ni haba. Mvua inyeshapo maji hayapati mchujo wa maana. Hushuka mbio na kila yakichukuacho. Kwa hiyo kinachoingia shimoni leo chaweza kufika katika ndoo ya watu ambao mwenye shimo hajapata kuwaona. Kipimo kilichozoeleka ni mita 30 baina ya choo na kisima, na chini ya shimo kusikaribie maji kwa mita moja na nusu. Hicho ni kipimo cha ardhi ya kawaida. Penye jiwe lenye nyufa hakitoshi. Kipindupindu kilizuka Zanzibar mwaka 1978, na tangu hapo kimerejea mara kwa mara, aghlabu nyakati za mvua.

Sisi tuliopita chuoni tulisomeshwa mlango wa twahara kabla ya mlango wa sala. Tulijifunza maji yapi yanatwaharisha na yapi yamenajisika. Basi ni ajabu mtu kuyachunga maji ya udhu birikani, asiulize kisima yalikotekwa kiko umbali gani na choo.

Lakini haki idaiwe pande zote. Mwanakijiji anayetaka kufuata kanuni asilazimike kwenda mjini mara tatu kutafuta sahihi moja. Kanuni ziwepo kwa sheha, kwa Kiswahili kinachosomeka, na Bwana Afya afike kabla ya msingi kuchimbwa, si baada ya nyumba kuezekwa. Tena, penye maweni ambapo sururu haipenyi, kumwamuru mtu achimbe shimo refu ni kumtaka lisilowezekana, na hata likiwezekana ni kumkaribisha zaidi na maji. Hapo choo kiinuliwe juu ya ardhi, kwa kuta zilizopigwa lipu na sakafu ya zege isiyovuja, na kikijaa kizolewe na kupelekwa mahali palipotengwa. Hilo lahitaji saruji, na mama anayeishi kwa kulima mwani hana fedha ya kuinunua kwa mkupuo. Mifuko michache ya msaada ni gharama nyepesi kuliko kambi ya wagonjwa.

Liko na jambo ambalo wananchi hulisema kwa sauti ya chini. Pwani zetu zimejaa nyumba za wageni, na kila moja ina karo lake la maji machafu. Kanuni ikimshika mvuvi mwenye choo cha makuti, ikampita mwenye hoteli, hakuna mkutano wa hadhara utakaowashawishi watu kwamba kanuni hiyo ni ya afya. Sisi tunaopeleka maagizo ya Chama matawini ndio tunaoulizwa swali hilo, nalo halina jawabu jingine ila karo la hoteli likaguliwe siku ileile kinapokaguliwa choo cha jirani yake.