Kasigau: Mlima Tunaoupita Bila Salamu

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, akikaribia Maungu na kutazama mkono wa kushoto, ataona mlima uliosimama peke yake katikati ya nyika, umejipiga kilemba cha mawingu. Huo ndio Kasigau. Mimi, mzaliwa wa Malindi, nimeupita mara nyingi nisiulize hata jina lake. Sisi watu wa pwani tukitajiwa mlima, fikira zetu huruka hadi Kilimanjaro, majirani tunawasahau.

Safari hii niliazimia kuukwea. Maungu huiacha lami, ukashika njia ya vumbi zaidi ya kilomita 30 hadi Rukanga, au ukaendelea mpaka Bungule, kijiji kilicho chini ya majabali. Vijiji vingine vinavyouzunguka ni Jora, Makwasinyi na Kiteghe. Usijaribu kupanda peke yako. Msitu una wenyewe: piga hodi kwa wazee, lipa ada, upewe mwenyeji wa kukuongoza. Kanzu na kubadhi viache nyumbani. Chukua viatu vya kukamata mawe, sweta na maji.

Tulitoka Bungule baada ya sala ya alfajiri. Kilele kina urefu wa meta 1,641 toka usawa wa bahari, na kutoka kijijini ni zaidi ya meta 1,000 za kupanda wima. Kwanza ni vichaka vya miba na jua kali. Kisha miti hurefuka, na mwisho waingia katika ukungu. Huko juu kila tawi ladondosha maji. Msitu huo huyanasa mawingu yatokayo baharini kwetu, na maji yake huteremka kwa mabomba hadi vijijini. Ukikatwa msitu, nyika itawameza watu.

Wakati wa kushuka tulipumzika penye kijito. Nilitawadha nikasali adhuhuri. Nilipomaliza, mzee aliyeniongoza akaniuliza, "Mwanangu, umesema kwenu ni Malindi?" Nikaitika. Akasema, "Basi jamaa zetu wamelala kwenu."

Akanieleza. Mwaka 1915, katika Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani walivuka mpaka wakaishambulia kambi ya Waingereza hapo Kasigau. Waingereza wakawatuhumu wenyeji kwamba ndio walioonyesha adui njia. Wakawakusanya, wazee kwa watoto, wakawapeleka uhamishoni Malindi. Watu wa mlimani, waliozoea maji baridi na hewa safi, walikutana na joto, njaa na maradhi. Wengi walikufa. Waliosalia walikaa miaka mingi mbali na mlima wao kabla ya kuruhusiwa kurudi.

Niliona haya. Nimekulia Malindi, nimesoma habari za nguzo ya Vasco da Gama na za masultani, lakini hilo sikupata kulisikia barazani wala darasani.

Msomaji, ukipata nafasi, nenda Kasigau. Kuupanda si kazi ya miujiza. Kijana mwenye mapafu mazuri hupanda na kushuka siku moja. Lakini kabla hujaenda, waulize wazee wa mtaani kwako kama waliwahi kusikia habari za wageni wale. Aliyefia kwetu ugenini ana haki juu yetu, walau ya kukumbukwa. Mimi nimeanza kuuliza.