Panya Akifa Ndani, Usishangilie Kwanza!

Mavuno yameisha, mahindi yako ndani, na panya nao wamehamia. Wewe unayeishi Kasense, hapa Sumbawanga, unazijua fujo zao za usiku. Asubuhi moja unamkuta mmoja amekufa kando ya gunia. Kesho yake, wawili. Utasema, "Afadhali, wamepungua!" Ngoja kidogo.

Mwaka 1980 tauni ilizuka wilayani Lushoto, mkoani Tanga. Iliendelea kurudi kwa zaidi ya miaka 20. Maelfu waliugua, mamia wakafa, wengi wao wanawake na watoto. Huko watu walijifunza kwamba panya wanaokufa ovyo ni onyo.

Kwa nini?

Tauni ni ugonjwa wa panya, na kiroboto ndiye anayeusambaza. Panya akifa, mwili wake unapoa. Kiroboto hakai kwenye mzoga wa baridi, anaruka kutafuta damu ya moto. Kama umelala chini karibu na gunia, basi ni zamu yako! Ndiyo maana panapokuwa na tauni, wataalamu huua viroboto kwanza, panya baadaye.

Utaijuaje?

Siku 1 hadi 7 baada ya kuumwa na kiroboto, homa kali inakushika ghafla, pamoja na baridi, kichwa na uchovu. Kisha mitoki inavimba na kuuma sana kinenani, kwapani au shingoni. Ikifika kwenye mapafu, mgonjwa huambukiza wengine kwa kukohoa.

Sasa ufanye nini?

- Usimshike panya aliyekufa kwa mkono mtupu, wala usimchezee.
- Ukiona panya wengi wamekufa bila kuwekewa sumu, mwambie mzazi, mwalimu au bwana afya mara moja.
- Mahindi yawekwe juu ya kichanja, mbali na mnapolala. Usilale chini.
- Fagia nyumba, ziba matundu, funika chakula.
- Ukipata dalili, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na uwaeleze habari za panya.

Bila dawa, watu 30 hadi 60 kati ya 100 wenye tauni ya mitoki hufa. Ile ya mapafu ni mbaya zaidi. Lakini dawa zipo, na ukiwahi unapona. Wasiosema mapema kwa woga au aibu ndio wanaochelewa.

Je, nyumbani kwenu magunia yako wapi usiku wa leo?