Usingizi wa Mchana

Mtu aliyelima tangu alfajiri, jioni akiisha kula bukari yake, hulala, na asubuhi huamka na nguvu mpya. Usingizi huo ni mwema. Lakini kuna usingizi mwingine. Mtu asinzia mchana, tonge lingali mkononi. Usiku ukiingia, macho yake hayafumbi, azungukazunguka uani peke yake. Kwake mchana umekuwa usiku, na usiku umekuwa mchana. Wazee wa Katanga waujua ugonjwa huo: ni ugonjwa wa usingizi, na wengine huuita malale.

Unatoka wapi? Si uchawi, wala si uvivu. Waletwa na mbung'o, nzi wa rangi ya udongo, ambaye akitua hulaza mabawa yake moja juu ya jingine kama makasi yaliyofungwa. Hukaa penye kivuli kando ya mito, pale mama wanapochota maji na wavuvi wanapofunga mitumbwi. Huuma mchana. Akiisha kunyonya damu ya mgonjwa, huchukua vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na baadaye huvitia katika damu ya mtu mwingine.

Sasa sikilizeni vizuri. Usingizi si dalili ya kwanza, huja nyuma. Kwanza mtu hupata homa, yapoa, yarudi. Kichwa chamwuma, viungo vyamwuma, mwili wamwasha. Nyuma ya shingo zatokea tezi, ukizigusa zateleza chini ya kidole. Dalili hii ni ya zamani. Daktari Mwingereza Winterbottom aliiandika mwaka 1803 baada ya kukaa Sierra Leone: hata wafanya biashara ya watumwa walipapasa shingo za watu, wakawakataa wenye tezi. Watu wabaya walijua jambo ambalo jamaa nyingi leo hazilijui!

Huku kwetu ugonjwa huu huenda polepole, miezi, pengine miaka. Siku vijidudu vinapoingia katika ubongo, tabia ya mtu hugeuka. Baba mpole awa mkali kwa neno dogo. Mama hodari aacha shamba lake lijae majani. Mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza asahau hesabu, mikono yatetemeka, mwendo wake kama wa mlevi. Nyumbani wasema, amerogwa. Shuleni wamcheka kwa kuwa alala juu ya daftari, na pengine apigwa. Fimbo haimwamshi mtu huyo. Asipotibiwa, mwisho atalala asiamke tena.

Si kila anayesinzia ana malale, la. Mtoto aliyekesha kwenye ngoma atasinzia darasani, na mwenye njaa vilevile. Mwenye malaria naye ana homa, tena malaria huua upesi. Kwa hiyo homa yo yote ipelekwe kwa mganga. Lakini homa inayorudi tena na tena hata baada ya dawa ya malaria, pamoja na tezi za shingo au tabia iliyogeuka, mganga aambiwe yote hayo. Atapima damu. Akiona vijidudu, pengine atatoa maji kidogo mgongoni kwa sindano, ajue kama vimefika katika ubongo.

Mwaka 1998, katika Kongo peke yake, waliandikwa wagonjwa wapya zaidi ya 26,000. Tangu mwaka 2018, wale walioandikwa Afrika nzima hawajafika 1,000 kwa mwaka, na wengi wao ni wa Kongo. Hiyo ni habari njema, ila ina hatari yake: ugonjwa ukiwa haba, watu husahau sura yake.

Zamani mgonjwa wa ubongo alipigwa sindano ya dawa yenye sumu ya arseniki. Iliponya wengi, lakini iliua karibu watu 5 katika 100. Daktari Victor Kande, Mkongo, aliongoza majaribio ya dawa mpya, fexinidazole, nayo ilikubaliwa mwaka 2018. Ni vidonge vya kumeza siku 10 tu, hata kwa mtoto aliyetimiza miaka 6 na kilo 20. Aliyezidiwa sana hupewa dawa nyingine hospitalini. Vidonge humezwa mgonjwa akiisha kula, kwa maana tumbo likiwa tupu dawa haiingii vema mwilini.