Mzee akisahau njia ya nyumbani, hajarogwa

UTAFANYA nini, ndugu msomaji, iwapo nyanya aliyekwenda soko la Kathonzweni tangu ujana wake ataanza kupotea njia ya kurudi nyumbani? Wengine husema huo ni uzee tu. Wengine hunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu.

Wachunguzi wa shirika la Africa Mental Health Research and Training Foundation, lililoasisiwa na Profesa David Ndetei, waliyasikia hayo walipowahoji wakazi wa Kaunti ya Makueni chini ya STRiDE, mradi ulioanza mwaka wa 2018 katika nchi saba. Na tuhuma za uchawi si mchezo. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani, Kaunti ya Kisii, akina mama wanne waliuawa na umati kwa tuhuma hizo.

Kusahau kunakovuruga maisha ni ugonjwa. Huitwa dimenshia, na aina yake iliyoenea zaidi ni ule wa Alzheimer.

Mawasiliano yanayokatika

Mwaka wa 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliukagua ubongo wa mwanamke aliyefariki baada ya kupoteza kumbukumbu. Aliona madoa na nyuzi zilizosokotana. Leo tunajua kwamba hizo ni protini mbili.

Ya kwanza ni amiloidi, ambayo huganda nje ya seli za neva. Ya pili ni tau. Kwa kawaida tau huimarisha njia za kusafirishia mahitaji ndani ya seli. Ikiharibika, hujisokota na njia hizo husambaratika.

Seli za ubongo huzungumza kupitia matrilioni ya viungo vidogo sana. Viungo hivyo hukatika mapema, hata kabla ya seli zenyewe kufa. Tau iliyoharibika hupita humo humo, kutoka seli moja hadi nyingine. Aghalabu huanzia karibu na sehemu inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo sababu mgonjwa husahau alichokula asubuhi lakini akakumbuka wimbo wa utotoni.

Uharibifu huu huanza miaka 10 au zaidi kabla ya dalili kuonekana.

Je, kuna tiba?

Dawa ya kuponya haijapatikana. Lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2023, huondoa amiloidi na kupunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi kidogo kwa walio katika hatua za mwanzo. Ni ghali mno, na yaweza kusababisha uvimbe au kuvuja damu ubongoni.

Hata hivyo, si kila anayesahau ana Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi la shingoni, kaswende ya muda mrefu, huzuni nzito, dawa fulani, au damu iliyokusanyika kichwani baada ya kuanguka, vyote vyaweza kumchanganya mzee. Mengi kati ya hayo hutibika. Anayefungiwa nyumbani au kupelekwa kwa mganga pekee huenda akakosa tiba ambayo ingemfaa. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kinga huanza ujanani

Mwaka wa 2024 wataalamu wa jarida la Lancet walitaja mambo 14 ambayo, yakidhibitiwa, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia duniani. Miongoni mwayo ni shinikizo la damu, kisukari, sigara, pombe kupita kiasi, kutosikia vizuri na upweke.

Basi wewe unayesoma haya Nairobi au Mombasa, pimwa shinikizo la damu. Ukienda mashambani, mtazame mzee wako kwa makini. Je, anarudia swali lile lile? Anashindwa kuhesabu pesa alizozoea? Mpeleke hospitali, na ubebe dawa zote anazotumia ili daktari azione. Akikosea jina lako, usimkaripie, mtajie taratibu. Na jirani akianza kunong'ona, mwambie waziwazi kwamba huyu ni mgonjwa.